Shujaa Mmoja Tu, Tafadhali

Vazi la shujaa lililetwa ndani ya mfuko mweusi wa takataka. Mama Cherehani alilimwaga juu ya meza ya kukatia, kati ya sketi za shule na mapazia ya wateja, akalitazama bila kuligusa. Lilikuwa la bluu inayong'aa, lina zipu mgongoni, na kwa mbele limeshonewa vipande vya sponji vilivyochongwa vifanane na misuli. Misuli sita ya tumbo. Mmoja ulikuwa umeachia uzi na unaning'inia pembeni ya kitovu.

"Shujaa wenu ana ngiri," alisema.

Kijana wa miwani ya fremu za njano hakucheka. Alikuwa amejitambulisha kuwa mkurugenzi wa ubunifu, cheo ambacho Mama Cherehani alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza na ambacho aliamua papo hapo kwamba dunia ingeweza kuishi bila hicho. Moyoni alimwita Miwani, basi. Dada aliyefuatana naye, msimamizi wa kampeni, alicheka kwa niaba ya wote wawili. Huyo alicheka kila kitu. Aliambiwa kiti kimelegea mguu, akacheka. Aliambiwa choo kiko nje, akacheka. Mama Cherehani alimwita Bi Meno.

Katikati ya chumba alisimama mumewe, Fundi, amevaa fulana na kunyoosha mikono pande zote mbili kama bwana harusi anayepimwa suti. Alikuwa amenyoa ndevu. Kwa miezi kadhaa mkewe alikuwa amemwomba anyoe, na leo kumbe wembe umepatikana.

"Sinema inatoka mwezi ujao," alisema Miwani. "Inaitwa Kimondo. Kuna mtu anaangukiwa na jiwe kutoka angani, anapata nguvu za ajabu."

"Kwa kuangukiwa na jiwe?"

"Ndiyo, mama."

"Huku kwetu ukiangukiwa na jiwe unapelekwa kushonwa nyuzi. Inua mkono, Baba."

Miwani alifungua kompyuta yake akaiweka juu ya sketi za watu, bila kuomba. Alieleza kwamba watazamaji wamezichoka sinema za mashujaa. Wamewaona wanaoruka, wanaopasua kuta, wanaosimamisha treni kwa kidole. Picha nzuri peke yake haimtoi tena mtu nyumbani. Kampuni yake ilikuwa imefanya utafiti, na utafiti ulionyesha kwamba mtazamaji wa leo hataki kumwona shujaa, anataka kumgusa.

"Mliwauliza watu wangapi?"

"Arobaini."

"Na wote wakasema wanataka kumgusa?"

"Tuliwapa machaguo," alisema Miwani.

Kwa hiyo kampeni ilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ilikwisha fanyika: kwa wiki mbili vijana wa kulipwa walichora mawe yenye mikia ya moto kwenye kuta za mji, bila neno lolote, ili watu waulizane. Watu hawakuulizana. Walidhani ni alama za nyumba zitakazobomolewa, na wengine walikwenda kulala kwenye mlango wa ofisi ya ardhi. Miwani alilieleza jambo hilo kwa fahari, kama ushahidi kwamba michoro ilionekana. Hatua ya pili ilikuwa mabango makubwa yenye picha ya shujaa wa kweli, mtu wa damu na nyama. Ya tatu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwenye jengo la sinema lenyewe: uokoaji mubashara, watu wakiangalia kwenye skrini na kwenye simu zao.

"Na shujaa wa kweli ndiye huyu," alisema Bi Meno, akimnyooshea Fundi mkono kama anayeonyesha jokofu jipya.

Kuhusu hilo hakuwa amekosea. Miezi kumi na moja iliyopita moshi ulijaa kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi ambako Fundi alikuwa fundi wa lifti. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ndani watu saba. Fundi alipanda hadi chumba cha mashine, juu kabisa penye moshi mzito kuliko kote, akaishusha kwa mkono. Wale saba walitoka wakitembea kwa miguu yao. Yeye alitolewa amebebwa, na kifua chake hakikurudi tena kilivyokuwa. Kampuni ya lifti ilimvumilia miezi mitatu, kisha ikampa barua ya shukrani na tarehe ya mwisho ya kazi katika ukurasa huohuo.

Bi Meno alimkabidhi Mama Cherehani karatasi ya maneno ambayo mumewe angeyasema, ili ajue kinyago kikatwe wapi mdomoni. Alisoma kwa sauti.

"'Nilikuwa peke yangu. Lakini sikuogopa.'" Akaishusha karatasi. "Na Afande?"

"Afande ni nani?" aliuliza Miwani.

Fundi aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mlinzi wa geti la jengo," alisema Mama Cherehani. "Hakuwahi kuwa askari hata siku moja, ila walinzi wote tunawaita hivyo. Lifti ile, kijana, haishuki kwa mtu mmoja. Breki yake hujifunga yenyewe umeme ukikatika. Lazima mmoja aushike mkono wa breki, aufungue na asiuachie, na mwingine azungushe gurudumu. Afande alipanda ngazi za ghorofa kumi akaishika breki. Alikufa humo."

Miwani alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Alionekana kuguswa kweli, kwa muda wa kufuta kioo kimoja.

"Nakuelewa sana, mama. Lakini gari linapita mbele ya bango kwa sekunde tatu. Sekunde tatu hazitoshi watu wawili. Halafu mmoja marehemu. Mtu akisikia habari za kifo hanunui bisi."

"Bisi?"

"Ukumbi wa sinema unaishi kwa bisi, mama. Tiketi ni ya kumwingiza mtu mlangoni tu."

"Kumbe mume wangu anauza bisi."

"Sinema yenyewe ni ya shujaa mmoja," Miwani aliendelea kwa upole wa mwalimu. "Tukiweka wawili tunawachanganya."

"Mmoja tu, tafadhali," alimalizia Bi Meno, kama mtu anayeagiza soda.

*

Wageni walipoondoka, Mama Cherehani aliukata msuli wa sponji kwa mkasi akaanza kuushona upya. Hakusema kitu. Fundi alimfahamu vya kutosha kujua kwamba kimya hicho kilikuwa na meno.

"Ni maneno ya sinema tu," alisema. "Kila mtu anajua sinema ni uongo."

"Baada ya wiki tatu unasimama mbele ya baraza la kazi kumsemea Afande. Kampuni yake ya ulinzi inasema aliacha lindo lake akaenda kuzurura, kwa hiyo mjane wake hapati mafao. Shahidi aliyemwona ameshika breki ni nani?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine. Kulikuwa na moshi."

"Basi usisaini."

Fundi alikohoa. Alikuwa na kikohozi cha kweli na kikohozi cha kutafuta muda, na mkewe aliweza kuvitofautisha hata akiwa jikoni.

"Nilisaini jana," alisema.

"Bila kusoma?"

"Nilisoma."

Sindano ilisimama. Angesema hakusoma, angalau angebaki mjinga tu, na mjinga mtu huishi naye.

"Nusu ya malipo walinipa palepale," aliendelea Fundi, sasa akiongea haraka. "Dawa ya kifua ya miezi miwili niliyorudi nayo jana ulidhani imetoka wapi? Ada ya mtihani wa mtoto ulidhani shule imesamehe? Na si hela tu, Mama. Nilipoingia ofisini kwao walisimama. Wote, mpaka wa mapokezi. Wakanipigia makofi. Tangu nitoke hospitali nani amesimama kwa ajili yangu? Nakaa dirishani, wateja wako wananipita wananiuliza, shikamoo, mama yupo? Mama yupo! Kama mimi ni kengele ya mlango."

Hilo lilimfikia. Alilijua, na alikuwa amejifanya halijui, kwa kuwa wateja ni wateja. Lakini hakuwa mwanamke wa kubembeleza kitu kilichooza ati kwa sababu kimefungwa vizuri.

"Walisimamia bisi, Baba," alisema, akavuta uzi. "Geuka nipime mabega."

Alilishona vazi. Tuliseme wazi: alilishona vizuri, kwa sababu kazi yake haikuwahi kutoka mbaya na hakutaka ianze kwa hawa. Alitoboa matundu madogo chini ya kwapa na nyuma ya shingo ili mwenye kifua kibovu apate hewa, maana aliyelibuni vazi lile alikuwa amemfikiria mtu asiyepumua.

*

Bango lilipanda Jumatatu, kwenye makutano makubwa ya barabara. Sura ya Fundi ilikuwa na upana wa nyumba yao, nusu imefunikwa kinyago, nusu imepakwa masizi ambayo Bi Meno aliyapaka mwenyewe kwa brashi ya vipodozi. Kidevu walikirefusha kwa kompyuta. Chini waliandika kwa herufi nene: ALIKUWA PEKE YAKE. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, tarehe ya sinema na punguzo la bisi kwa familia.

Siku mbili mtaa mzima ulimwita Fundi Kimondo. Muuza maji alimpigia saluti. Mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida humsalimia ukuta, alimwomba wapige picha. Fundi alianza kutoka nje bila sababu. Alikwenda dukani kununua kiberiti kimoja, akarudi, akakumbuka amesahau sabuni, akaenda tena. Binti yao, ambaye kwa umbea wake nyumbani walimwita Redio, alisema baba akiendelea hivyo duka litamwajiri.

Jumatano mchana alikuja mjane wa Afande. Alikuwa mfagiaji wa zahanati na alikuja na sare yake ya kazi, katoka kazini moja kwa moja, harufu ya dawa ya sakafu bado ipo mikononi. Alisalimia vizuri. Aliuliza hali ya kifua cha shemeji. Kisha akatoa bahasha mfukoni akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Dada, nisomee tena," alisema. "Nimesoma mwenyewe mara mbili, nikadhani labda ni macho."

Ilikuwa barua ya wakili wa kampuni ya ulinzi. Ilisema kwa lugha ya adabu kwamba shahidi anayetegemewa na mjane ametangaza hadharani kuwa wakati wa tukio alikuwa peke yake, kwamba kampuni itawasilisha tangazo hilo mbele ya baraza, na kwamba kwa heri na amani mjane anashauriwa kuondoa dai lake. Nyuma walibana picha ya bango. Walikuwa wameichapisha kwa rangi.

Mama Cherehani alisoma mpaka mwisho. Alisoma polepole kuliko kawaida yake.

Fundi alikuwa dirishani. Mjane alimgeukia. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kelele hujibiwa kwa kelele.

"Shemeji," alisema, "mimi sijui mambo ya lifti. Ile breki, siku ile, ilishikwa na nani?"

Fundi alifungua mdomo. Ukatoka mluzi wa kifua, na baada ya mluzi hakikutoka kitu.

"Basi," alisema mjane. Akakunja barua kwenye mikunjo yake ileile. "Nilitaka kusikia tu kama nawe hujui."

Alipofika mlangoni alisema kwamba sketi ya mtoto wake akiimaliza atume neno, hana haraka. Mama Cherehani alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakumtazama mumewe. Alikaa, akakanyaga cherehani, na kwa saa nzima ndani ya chumba kile hakikusikika kingine.

*

Jumamosi walimlipa Mama Cherehani posho ya siku moja ili awepo kumfunga shujaa zipu. Walimvisha kitambulisho shingoni kilichoandikwa MAVAZI. Aliambiwa asionekane kwenye kamera, asiongee na waandishi, na asile chakula cha meza ya kwanza, ambacho ni cha wadhamini.

Ukumbi wa chini wa jengo la sinema ulijaa. Kulikuwa na skrini kubwa, puto za bluu, jiwe la plastiki lenye ukubwa wa gari, na foleni ya bisi iliyozunguka jiwe hilo mara mbili. Juu, kwenye chumba cha mashine, walikuwa wanne: Fundi katika vazi lake, mkewe na pini zake, mpiga picha, na Miwani. Bi Meno alibaki chini, akizungumza nao kwa redio ya mkononi.

Mpango wenyewe ulikuwa wa uongo mtupu. Washindi sita wa shindano la mitandaoni wangeingia kwenye lifti ghorofa ya saba. Lifti ingeanza kushuka, umeme ungekatwa, watu wangepiga mayowe kidogo, mayowe mazuri ya kwenye simu. Fundi angeweka mikono kwenye gurudumu, asiguse breki, azungushe mabega tu, aseme maneno yake. Baada ya dakika mbili umeme ungerudishwa, lifti ingeshuka kwa mota kama siku zote, milango ingefunguka, na sinema ingekuwa imeuzwa. Mzee mmoja, fundi wa jengo hilo, aliyesisitiza kwamba kazi ya gurudumu ni ya watu wawili hata ya maigizo, walimpa ruhusa akale. Uso wake, alisema Miwani, ulikuwa unaharibu picha.

Miwani alihesabu kwa vidole, akaishusha swichi kubwa. Jengo likanguruma kidogo. Kamba za chuma zilisimama kwa mshtuko, zikatetemeka. Kwa chini, mbali, mayowe yalianza.

"Safi," alinong'ona Miwani. "Tuko hewani. Zungusha mabega."

Fundi alizungusha mabega. Misuli ya sponji ilipanda na kushuka. Alipofika mahali pa kusema maneno yake alikohoa, na Miwani akamwonyesha kwa mkono kwamba kikohozi ni kizuri, kiendelee. Dakika mbili zikaisha. Miwani akapandisha swichi.

Hakuna kilichotokea.

Akaishusha, akaipandisha tena. Kwenye kabati la mitambo iliwaka taa nyekundu, ikabaki nyekundu.

"Imejifunga," alisema Fundi, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kweli, ya kazini, ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa miezi kumi na moja. "Nani alikwambia ukate umeme ikiwa kwenye mwendo? Ufunguo wa kuifungulia uko wapi?"

"Upo kwa... yule mzee."

"Mzee yuko wapi?"

"Tulimwambia akale mbali kidogo."

Redio ya mkononi ililia. Bi Meno alisema washindi wanapiga simu kutoka ndani, kuna joto, mmoja amekaa chini na hajibu. Kwa mara ya kwanza hakusikika akicheka.

Fundi alishusha swichi, akachomoa pini moja kubwa kutoka kwenye mto wa pini wa mkewe, akaipitisha kwenye tundu la swichi ili asije mtu akaipandisha. Akavua kinyago apate kupumua. Akaangalia alama za rangi kwenye kamba. "Ipo kati ya sita na tano. Nahitaji mtu wa breki."

"Zungusha peke yako," alinong'ona Miwani, akiiangalia kamera. "Funga breki kwa kamba. Kwa mkanda! Chukua mkanda wangu."

"Ukiifunga ikae wazi, nikiteleza mkono nani ataifunga? Wale wataanguka ghorofa tano." Fundi alimwangalia. "Breki haifungwi kwa mkanda. Inashikwa na mtu mwenye masikio. Njoo ushike."

Miwani alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa na fremu za njano, shati la kitani, na diploma ya kuwafanya watu waguse mashujaa, na hatua aliyopiga ilikuwa ya nyuma. Mpiga picha hakuangalia pembeni. Kamera yake iliendelea kuwaka.

Mama Cherehani aliweka chini sanduku la nyuzi. Alivuka kamba waliyoiweka kumzuia asionekane, akaushika mkono wa breki kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mzito, wa baridi, na una mafuta.

"Niambie," alisema.

Fundi alishika gurudumu, akajiweka sawa miguu, akavuta pumzi iliyopiga mluzi hadi chini ukumbini.

"Fungua, Afande!"

Alifungua. Gurudumu likaenda robo, nusu.

"Funga, Afande!"

Akafunga. Hakumsahihisha. Alielewa kwamba mumewe hakuwa amechanganyikiwa. Maneno hayo yalikaa kinywani mwake pamoja, kama yalivyokaa siku ile, na hakuwa na mengine ya kuishushia lifti. Chini, kwenye skrini, mamia ya watu walimwona mtu wa bluu mwenye tumbo la sponji akiita jina ambalo halikuwa kwenye bango.

Fundi naye alilisikia. Alisimama, mikono bado kwenye chuma, akaigeukia kamera. Jasho lilikuwa limeanza kumtoa masizi ya kupakwa.

"Niliandikiwa niseme nilikuwa peke yangu," alisema, kwa vipande, akitafuta hewa. "Hii kazi haina peke yako. Breki ilishikwa na mlinzi wa geti. Tulimwita Afande. Nilipomaliza kuzungusha nikamwambia achia, alikuwa bado ameshika, na alikuwa ameshakufa." Akageuka. "Fungua, Mama."

Miwani alikuwa anapitisha kiganja shingoni, akimwashiria mpiga picha akate. Hapo redio ya mkononi ikalipuka.

"Msikate!" ilikuwa sauti ya Bi Meno. "Msikate jamani, watazamaji wameongezeka mara tatu! Watu wanalia huku chini!"

Miwani akashusha kiganja. Akafikiri. Akamwonyesha mpiga picha kidole gumba.

Iliwachukua dakika kumi na nane kufikisha lifti ghorofa ya tano. Washindi sita walitoka. Aliyekuwa hajibu alikuwa amezimia tu, akamwagiwa maji. Kila mmoja alipewa bisi za bure.

*

Jumatatu Bi Meno alipiga simu. Nusu ya pili ya malipo haitatoka, alisema huku akicheka, kwa kuwa Fundi hakuyasema maneno ya mkataba. Lakini kulikuwa na habari nzuri sana! Kampeni inabadilika. Mabango mapya yatasema MASHUJAA NI WAWILI, na wangependa picha ya marehemu, yenye mwanga mzuri, akiwa anatabasamu kama inawezekana. Malipo hayapo, ila mjane atapewa tiketi mbili.

"Mbili za nini?" aliuliza Mama Cherehani. "Mumewe atakaa kiti kipi?"

Bi Meno alicheka, kisha akaacha. Ilikuwa mara ya pili.

Baraza la kazi lilikaa wiki iliyofuata, katika chumba chenye feni isiyozunguka na viti vya plastiki. Fundi alikwenda na shati lake la kazini la zamani, mkewe akakaa nyuma na mjane wa Afande. Njiani mjane alikuwa amesema neno moja tu, kwamba leo hakuna jua kali. Na tusiwaache wasomaji na kiu: uamuzi ulitoka baada ya siku kumi na nne na mafao yalilipwa. Lakini Mama Cherehani akiisimulia habari hii kwa wateja wake, hizo siku kumi na nne huziruka. Yeye huishia kwenye kile chumba, pale wakili wa kampuni ya ulinzi alipoinuka na picha ya bango, akaishika juu ili kila mtu aone kile kidevu kirefu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Kidevu ni chao."

"Hapa unasema ulikuwa peke yako. Kwenye video unasema mlikuwa wawili. Sasa tuambie, shahidi, uliongopa lini? Wakati wa bango au wakati wa video?"

Fundi hakukohoa kutafuta muda. Alivuta pumzi yake ndogo, aliyobakiwa nayo, akaangalia mahali alipokaa mjane.

"Wakati wa bango," alisema. "Nilijua si kweli. Nililipwa."

Karani, msichana mwenye mwandiko mzuri, aliinua kalamu akamtazama mwenyekiti.

"Mheshimiwa, hilo la kulipwa nalo niandike?"

"Liandike," alisema Mama Cherehani, amekwisha simama kule nyuma, na mwenyekiti akamwambia akae chini.